Mafuta ya Mpakwa Mmoja

Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2020, umati ulijaa uwanja wa Majengo mjini Moshi kwa ajili ya maombi. Watu walielekezwa kupita mahali palipomwagwa mafuta ya upako, wayakanyage, wafunguliwe. Kila mmoja alitaka awahi. Umati ukasukumana, na walioanguka hawakuinuka. Watu 20 walikufa jioni ile.

Waliofika pale hawakustahili kuchekwa. Walikuwa na wagonjwa nyumbani, madeni yasiyolipika, ndoa zilizokwama, vijana waliomaliza shule wakakosa kazi. Walikuja kutafuta neema ya Mungu kwa njia waliyoonyeshwa. Swali linalobaki ni la wanaowaongoza watu kama hao: mafuta ni ya nini hasa, na ni ya nani?

Wengi hulitamka neno Kristo kana kwamba ni jina la baba yake Yesu. Si jina la ukoo. Ni neno la Kiyunani lenye maana ileile ya Masihi kwa Kiebrania: aliyepakwa mafuta. Anayesema "Yesu Kristo" amekwisha kukiri imani, hata kama hajui. Amesema kwamba mafuta yote yaliyowahi kumiminwa katika Israeli yalikuwa yakimngojea mtu mmoja.

Na yalimiminwa mengi. Musa alimpaka Haruni awe kuhani. Samweli alimmiminia Sauli, kisha akaenda Bethlehemu kumpaka Daudi, kitinda mimba aliyeitwa kutoka malishoni wakati kaka zake wamekwisha kupangwa mstari. Eliya aliagizwa ampake Elisha awe nabii badala yake. Kuhani, mfalme, nabii: huyu husimama mbele ya Mungu kwa niaba ya watu, huyu huwatawala na kuwalinda, huyu huwaletea neno wasilolitaka.

Kwa kawaida kazi hizo hazikulundikwa kwa mtu mmoja. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati kinasimulia habari za Uzia, mfalme wa Yuda aliyetawala miaka 52. Alijenga minara, akachimba visima, akaunda jeshi, jina lake likavuma hadi Misri. Alipopata nguvu, moyo ukainuka. Akaingia hekaluni na chetezo mkononi, afukize uvumba mwenyewe. Kuhani Azaria akamfuata pamoja na makuhani wenzake 80, wakamwambia atoke. Uzia akaghadhibika, na palepale ukoma ukamtokea katika paji la uso, akaishi katika nyumba ya peke yake hadi kufa. Sauli naye alipoteza ufalme kwa kosa la namna hiyo kule Gilgali, aliposhindwa kumngoja Samweli akatoa dhabihu kwa mikono yake.

Yupo aliyeonekana kuziweza zote, naye ni Samweli huyohuyo. Alitabiri, alitoa dhabihu, aliamua mashauri ya watu, na hakuna aliyeweza kumshtaki kwamba amekula ng'ombe wa mtu. Lakini alipozeeka aliwaweka wanawe kuwa waamuzi, nao wakapokea rushwa na kupotosha haki. Wazee wa Israeli walipokwenda Rama kudai mfalme, malalamiko yao yalianzia hapo. Makanisa ya leo ambayo mwanzilishi wake anamwandaa mwanawe arithi madhabahu yangepaswa kuisoma sura hiyo kwa sauti, washirika wote wakiwapo.

Ndiyo maana waandishi wa Agano Jipya walikuwa na kazi ngumu ya kueleza. Yesu alitoka kabila la Yuda, na Yuda haikuwa na makuhani. Mwandishi wa Waebrania anatumia sura nzima kulishughulikia jambo hilo: anarudi nyuma ya Haruni, nyuma ya Musa, hadi kwa Melkizedeki, mfalme wa Salemu aliyekuwa pia kuhani na aliyembariki Abrahamu. Hoja yake ni kwamba ukuhani wa Yesu haukutoka katika orodha ya ukoo.

Mwanzoni mwa karne ya 4, Eusebio, askofu wa Kaisaria, aliandika katika historia yake ya Kanisa kwamba makuhani, wafalme na manabii waliopakwa zamani walikuwa vivuli vya Kristo mmoja. Wazo hilo lilitembea polepole. Mwanamageuzi John Calvin, katika toleo la kwanza la kitabu chake kikuu, mwaka 1536, alitaja kazi mbili tu, ufalme na ukuhani. Kufikia toleo la mwisho la 1559 alikuwa amezifanya tatu na kuzitengea sura yake. Miaka minne baadaye, mwaka 1563, Katekisimu ya Heidelberg ikaliweka fundisho hilo vinywani mwa watoto kwa maswali na majibu. Kanisa Katoliki nalo lililipa nafasi kubwa katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa iliyotolewa tarehe 21 Novemba 1964. Miongoni mwa maaskofu wa mtaguso ule alikuwamo Laurean Rugambwa kutoka Kagera, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, tangu 1960.

Mtu anaweza kuuliza: kama kulundika kazi tatu kwa mtu mmoja kulikuwa hatari kwa Uzia, kwa nini si hatari kwa Yesu? Jibu limo katika namna alivyozitumia. Nazareti alisema neno la kinabii katika sinagogi la nyumbani, mbele ya watu waliomjua tangu mtoto, na nusura wamtupe chini kutoka ukingo wa mlima. Hakulibadilisha neno ili apate makofi. Baada ya kuwalisha maelfu, walipotaka kumfanya mfalme kwa nguvu, alikwepa, akaenda mlimani peke yake. Taji aliyoikubali ilikuwa ya miiba. Na katika ukuhani, kuhani na sadaka walikuwa mtu yuleyule. Makuhani wengine walileta mnyama wa mtu mwingine, huyu alijileta. Alichokuwa nacho hakukitumia kujinufaisha hata mara moja, wala hakuwatuma wengine wafe kwa ajili yake.

Hapo ndipo mchungaji wa leo anapopimwa.

Kiswahili, kwa bahati njema, kilichagua neno la kazi ya porini. Mchungaji ni mtu wa kuchunga. Hulala macho, hunuka mbuzi, hujua yupi anachechemea. Padre ni neno la Kireno, kasisi na askofu yalipitia Uarabuni, lakini mchungaji hana haja ya kamusi. Mtoto wa Kimasai au wa Kisukuma analijua kabla hajaingia kanisani. Anajua pia kwamba kundi halihesabiwi kuwa la mchungaji. Lina mwenyewe nyumbani, naye jioni atalihesabu.

Janani Luwum alizaliwa 1922 Mucwini, katika nchi ya Waacholi kaskazini mwa Uganda. Alikuwa mwalimu kabla ya kuokoka mwaka 1948 katika uamsho, ule moto wa walokole uliowashwa Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka hadi Uganda, Kagera na Kenya. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Idi Amin alikuwa madarakani tangu 1971, na watu walikuwa wakichukuliwa majumbani mwao na kutorudi.

Kinachokumbukwa zaidi ni kifo chake, lakini mtu anayetaka kujifunza uchungaji kutoka kwake aanzie kabla ya hapo. Luwum alikwenda mara nyingi kwa wakubwa wa serikali, na kwa Amin mwenyewe, kuwaombea waliokamatwa. Wajane walipofika mlangoni, alitoka kwenda kuuliza. Wapo waliomlaumu kwamba yuko karibu mno na utawala. Hiyo ndiyo kazi ya kikuhani isiyopigwa picha: kusimama katikati, ukidharauliwa na pande zote mbili, kwa sababu kuna mtu ndani ya seli ambaye hana mwingine wa kumtaja jina.

Usiku wa manane tarehe 5 Februari 1977, askari waliingia nyumbani kwake wakidai wanatafuta silaha. Siku chache baadaye maaskofu wakamwandikia Amin barua kwa pamoja, wakilalamikia mauaji na ukatili wa vyombo vya usalama. Ilikuwa barua ya heshima, na ilisema kweli. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala kwenye mkutano wa hadhara ulioonyesha bunduki zilizodaiwa kuwa za njama. Maaskofu wengine wakaruhusiwa kuondoka. Luwum akabaki. Serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Waliouona mwili waliona matundu ya risasi.

Kaburi lilikuwa limechimbwa Namirembe, lakini mwili haukuletwa. Askari waliupeleka Mucwini. Waumini walikusanyika kando ya kaburi tupu na kuimba. Askofu Festo Kivengere, mlokole mwenzake, alikimbia kwa miguu usiku kupitia milima hadi Rwanda, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake liliwashtua wengi, kwani lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Unabii wa wanaume hawa ulikuwa na ukuhani ndani yake. Walimkemea mtu waliyekuwa wakimwombea. Mhubiri anayekemea bila kumwombea anayemkemea amebaki na ukali tu, na waumini huisikia tofauti hiyo haraka, hata kama hawawezi kuieleza.

Upande wa pili wa mizani una uzito wa kutisha. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi wa Nyange, magharibi mwa Rwanda, walikimbilia kanisani. Walidhani madhabahu yatawakinga. Padre wao, Athanase Seromba, alikuwapo. Kanisa liliangushwa kwa tingatinga watu wakiwa ndani; waliokufa hawakupungua 1,500. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani mwaka 2006 kwa kifungo cha miaka 15, na Machi 2008 majaji wa rufaa wakakifanya kifungo cha maisha. Mikono iliyopakwa mafuta ili kubariki ilishiriki kuwakabidhi kondoo kwa waliokuja kuwachinja. Hakuna maneno ya kulainisha jambo hili, na Kanisa halina haja ya kuyatafuta. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake katika mauaji yale.

Lakini ukuhani haukufa Rwanda. Gisenyi alikuwapo Felicitas Niyitegeka, mwanamke Mhutu aliyejitoa kwa utume wa kanisa bila daraja takatifu lolote. Aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka mpaka kwenda Kongo. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alitaka kumwokoa. Felicitas akakataa kuondoka bila waliomkimbilia, akauawa pamoja nao. Na Nyange ileile, Machi 1997, wanamgambo waliingia shule ya sekondari usiku, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Wanafunzi walikataa. Walisema wao wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa palepale. Rwanda inawahesabu wao na Felicitas kuwa mashujaa wa taifa.

Mkasa huo unagusa kiini cha fundisho lenyewe. Katekisimu ya Heidelberg, baada ya kuuliza kwa nini Yesu anaitwa Kristo, inauliza mara moja kwa nini wewe unaitwa Mkristo. Inajibu kwamba umeshirikishwa upako wake: unalikiri jina lake, unajitoa kama sadaka ya shukrani, unapigana na dhambi kwa dhamiri huru. Yaani nabii, kuhani na mfalme ni kila aliyebatizwa. Maaskofu wa Vatikano nao, walipopanga sura za hati yao, waliitanguliza sura ya watu wa Mungu mbele ya sura ya uongozi wa Kanisa. Mpangilio huo ulijadiliwa sana, na ni fundisho tosha. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao, AMECEA, waliamua jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa kazi ya uchungaji. Ndiyo maana leo, katika parokia nyingi, mgonjwa akizidiwa usiku, anayefika kwanza ni mama wa jumuiya jirani mwenye rozari na uji.

Kati ya kazi tatu, ya kifalme ndiyo inayowapa wachungaji shida zaidi, pengine kwa sababu Afrika Mashariki imewaona wafalme kwa macho. Kwa Wahaya, Mukama lilikuwa jina la mtawala wa nchi, mwenye ngoma na ardhi. Kanisani neno hilohilo ndilo la kumwita Bwana Mungu. Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, lakini kiti hakikukaa kitupu muda mrefu. Katika vijiji vingi mchungaji alikikalia bila kukusudia: yeye ndiye mwenye nyumba ya bati, yeye hupokelewa mizigo njiani, yeye huulizwa kabla ya harusi na kabla ya kesi.

Josiah Kibira, askofu Mlutheri wa Bukoba, alikulia katika mazingira hayo. Mwaka 1977, mwaka uleule wa kifo cha Luwum, Fungamano la Kilutheri la Dunia lilikutana Dar es Salaam likamchagua kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Naye alikuwa mtoto wa uamsho. Katika mikutano ya walokole askofu aliketi kwenye benchi moja na mkulima wa kahawa, na wote wawili walitarajiwa kutaja dhambi zao mbele ya wenzao. Mtu aliyezoea kuungama hivyo hupata shida kujiona mfalme. Uamsho ulikuwa na kasoro zake, ukali wa kuhukumu ukiwa mmojawapo, lakini katika hili uliwapa viongozi kinga ambayo katiba ya kanisa peke yake haitoi.

Ufalme wa Kristo ndani ya usharika huonekana katika mambo yanayoonekana madogo. Huonekana katibu anaposoma mapato ya Jumapili iliyopita kwenye matangazo, shilingi kwa shilingi. Huonekana kwenye mnada baada ya ibada, mkungu wa ndizi wa mjane unaponunuliwa kwa bei ya heshima na fedha kuingia kwenye daftari, si mfukoni. Huonekana pale wazee wa kanisa wanapoweza kumwambia mchungaji "hapana, baba mchungaji," kikao kikaendelea. Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba wakuu wa mataifa huwatawala watu kwa mabavu na kwamba kwao isiwe hivyo. Kisha akachukua beseni na kitaulo.

Kinyume chake kipo kwenye mabango ya barabarani, Dar es Salaam hata Nairobi, ambako jina la mtu mmoja hubeba vyeo vitatu vinne: nabii, mtume, askofu, baba wa kiroho. Si kila mwenye bango ni mlaghai. Wapo wanaohubiri Injili kwa moyo. Shida ni muundo. Pale ambapo mtu mmoja ndiye asemaye neno lisiloulizwa, ndiye njia pekee ya kumfikia Mungu, na ndiye mshika kasha, Azaria hayupo tena wa kumtoa hekaluni. Mwaka 2023 miili ya waumini zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Waendesha mashtaka wa Kenya wanasema waumini wale walifundishwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto, ambao hawakuwa na uwezo wa kumuuliza mtu yeyote lolote.

Wanatheolojia wa Kiafrika wamejaribu kuzisogeza picha hizi nyumbani. Charles Nyamiti, padre wa Tabora aliyefundisha Nairobi kwa miaka mingi, alitoa mwaka 1984 kitabu kinachomweleza Kristo kama mhenga wetu: ndugu aliyetangulia, mpatanishi, na kielelezo cha mwenendo kwa walio hai. Wapo waliopinga, wakihofia Kristo asipunguzwe kuwa mzimu miongoni mwa mizimu. Hofu hiyo ina msingi wake. Hata hivyo Nyamiti aligusa jambo ambalo vyeo vitatu vikisomwa kikavu hulisahau: mhenga ana haki kwa wazao wake kwa sababu ni damu yao. Kristo si afisa aliyeteuliwa juu ya watu, ni ndugu yao. Mchungaji asiyejua njia ya kwenda nyumbani kwa washirika wake hawezi kumwakilisha ndugu huyo, hata akihubiri vizuri namna gani.

Kwa hiyo wazee wa usharika wanaokaa kumtafuta mchungaji mpya, na jumuiya zinazompokea paroko mpya, wasiulize tu kama anajua kuhubiri. Waulize ni lini mara ya mwisho alisema neno lililomgharimu. Waulize aliketi na nani hospitalini. Waulizie vitabu vya fedha vya mahali alikotoka. Na wajiulize wao wenyewe kama wako tayari kusimama mlangoni na Azaria, au watamwacha peke yake kisha wamlaumu akianguka.

Kila Juma Kuu, katika kila jimbo Katoliki, askofu hubariki mafuta ya krisma katika Misa ambamo mapadre wote hurudia ahadi zao. Mafuta hayo hugawanywa katika vichupa na kupelekwa parokiani, mengine kwa pikipiki. Sehemu yake hutumika siku ya upadirisho, kupaka viganja vya padre mpya. Lakini mafuta hayohayo hupakwa utosini mwa mtoto mchanga siku ya ubatizo, kwa sala inayomtaja Kristo kuhani, nabii na mfalme. Padre aliyepakwa viganjani alikwisha kupakwa utosini, sawa na mama anayempikia uji mgonjwa, na sawa na mtoto anayelia mgongoni mwake.